Presha ya mtiririko: kwa nini shawa hulegea koki nyingine ikifunguliwa

Koki zote zikiwa zimefungwa, maji yanayotoka tangini yana presha inayotegemea kimo tu. Kila mita 10 kutoka usawa wa maji tangini hadi kwenye koki huleta takriban bar 1 (bar ni kipimo cha presha). Tangi lililo mita 3 juu ya shawa hutoa bar 0.3 hivi, liwe la lita 500 au la lita 5,000. Hiyo ni presha tulivu. Presha ya mtiririko ni ile inayobaki maji yakishaanza kutembea, na hiyo ndiyo unayoogea.

Tofauti kati ya hizo mbili huishia njiani. Maji husuguana na kuta za bomba, hugonga kona, hubanwa kwenye valvu, mita na chujio, na kila mahali hapo presha hupungua kidogo. Wengi hawajui kwamba mtiririko ukiongezeka mara mbili, upotevu huu hukaribia mara nne. Kwa hiyo koki moja inaweza kutoa maji vizuri kabisa, ya pili ikifunguliwa zote mbili zikalegea, kwa sababu zinachangia bomba moja ambalo limezidiwa.

Kipenyo kina uzito mkubwa zaidi. Kwa mtiririko uleule, bomba lenye nusu ya kipenyo hupoteza presha takriban mara 30. Tena kinachohesabika ni tundu la ndani, wala si namba iliyoandikwa ubavuni. Bomba la plastiki la PPR la milimita 20 lenye ukuta wa milimita 3.4 lina tundu la milimita 13.2 tu. La milimita 25 lenye ukuta wa 4.2 lina tundu la 16.6, na hilo peke yake hushusha upotevu hadi karibu theluthi moja. Mabomba ya zamani ya chuma ni mabaya zaidi, maana kutu huota ndani na kuziba tundu taratibu, huku nje bomba likionekana zima.

Kabla ya kununua chochote, pima. Funga geji ya presha kwenye koki ya nje, iliyo karibu na bomba kuu linapoingia nyumbani. Zima matumizi yote, usome. Kisha fungua shawa, halafu koki ya jikoni, ukiangalia mshale. Mshale ukiwa chini tangu mwanzo, shida iko kwenye chanzo: tangi liko chini mno, au maji yenyewe yanaletwa na presha ndogo. Ukianza vizuri kisha ukaporomoka, kizuizi kiko kabla ya geji. Ukisimama palepale na shawa bado inalegea, kizuizi kiko ndani ya nyumba. Asiye na geji achukue ndoo ya lita 10 na saa ya simu, aijaze kwa koki moja, kisha airudie koki ya pili ikiwa wazi, alinganishe muda.

Kizuizi cha kwanza kutafuta ni valvu kuu isiyofunguliwa hadi mwisho, kwa kuwa kuikagua hakugharimu kitu. Geti valvu kuukuu inaweza kukudanganya: lango lake limekatika na kubaki chini, ukizungusha mpini unazunguka kama kawaida. Valvu ya kupunguza presha yenye chujio lililojaa uchafu nayo huonyesha presha nzuri maji yakitulia, ila ikianza kupitisha maji huishiwa nguvu. Kama ni maji ya moto tu yanayolegea, angalia hita na valvu yake. Kama koki moja ni dhaifu hata ikiwa peke yake, safisha kichujio cha mdomo wake.

Watu wengi hukimbilia pampu, nami naona hilo ni kosa mabomba yakiwa membamba au yameziba. Pampu italazimisha maji yapite, lakini umeme mwingi utaishia kwenye msuguano. Ikinyonya moja kwa moja kutoka bomba la mtaa ni hatari pia, kwani inaweza kuvuta maji machafu kupitia nyufa. Ni heri inyonye kutoka tangini. Mara nyingi inatosha kumwambia fundi abadilishe kile kipande cha pamoja tu, kutoka chanzo hadi mabomba yanapogawanyika, akiweke kipana zaidi, au aipe shawa bomba lake lenyewe kutoka tangini.