Dawa ya shambani, mboga ya mezani: maswali na majibu kutoka Morogoro

Mimi ni mtu wa mjini. Kilimo cha milimani kinanihusu nini?

Kinakuhusu kila siku. Mboga nyingi za Soko la Chifu Kingalu hushuka kutoka miteremko ya Uluguru, na mito ya milima hiyo ndiyo inayojaza bwawa la Mindu tunalotegemea kwa maji. Mto Ruvu nao unaanzia huko, kisha maji yake yananywewa Dar es Salaam. Dawa ya wadudu ikipulizwa huko juu milimani, mvua huishusha kwetu.

Nani anawasaidia wakulima?

Upo MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima ulioanzishwa mwaka 1993, wenye makao makuu hapa Morogoro. Ipo pia SAT (Sustainable Agriculture Tanzania), shirika la kilimo hai lililoanza mwaka 2011, yenye kituo cha mafunzo Vianzi, Mvomero. Pale watu hujifunza kutengeneza mboji, kuchimba makinga maji na kuchanganya mazao ili wadudu wasitawale. SAT hufanya utafiti pamoja na SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na maswali hutoka kwa wakulima wenyewe. Hilo nalithamini sana, maana mkulima husikiliza jibu la swali alilouliza yeye.

Hatari kubwa iko wapi?

Kwenye ngozi ya anayepuliza. Utamkuta amepima dawa kwa kifuniko cha chupa, anakoroga kwa mkono mtupu, halafu anabeba bomba la kupulizia linalovuja mpaka shati linamganda mgongoni. Hajameza kitu, lakini dawa inaingia. Zile za kundi la oganofosfeti, aina ya dawa za kuua wadudu, huvuruga mishipa ya fahamu: mate na jasho vinamtoka, kichwa kinauma, macho yanaona ukungu, anatapika, kifua kinabana. Nyumbani watasema ni malaria au jua kali.

Ukimwona mpulizaji na dalili hizo, mtoe shambani, mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, mwahishe hospitali. Anayemhudumia avae glavu. Usimtapishe, usimpe maziwa ukidhani yanaua sumu. Nenda na lebo ya dawa, kwani daktari ataihitaji.

Nikiosha mboga si inatosha?

Inasaidia, osha kwa maji yanayotiririka. Lakini dawa nyingine hunyonywa na mmea, na hiyo haitoki kwa kuosha. Kinga yake iko shambani: kungoja siku zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kuvuna. Nyanya iliyopulizwa jana na kuchumwa leo, hata uisugue vipi, umechelewa.

Dawa za wadudu zinazotengenezwa kwa mimea hazina madhara?

Mwarobaini na pilipili zina nafuu, ingawa pilipili itakuchoma macho. Tumbaku ni sumu kali. Nikotini yake hupita kwenye ngozi. Cha asili nacho kivaliwe glavu.

Nitaijuaje mboga ya kilimo hai, kisichotumia dawa za viwandani?

Tafuta alama ya Kilimohai. Baadhi ya vikundi huthibitishwa kwa wakulima kukaguana: jirani anaingia shambani kwa jirani, anatazama udongo, stoo na kumbukumbu. Uliza pia muuzaji mboga imetoka kijiji gani. Wakiulizwa na wengi, watazoea kujibu.

Chupa tupu za dawa nizifanyeje?

Isuuze mara tatu palepale shambani, kila mara maji yake yamimine kwenye bomba uyapulizie zao hilohilo. Kisha itoboe kitako, isije ikatiwa maji ya kunywa au mafuta ya taa. Usiioshee mtoni wala usiichome. Ihifadhi mbali na watoto, umuulize afisa ugani pa kuipeleka.