Ustawi wa jamii ndani ya mipaka ya ikolojia: maana yake na jinsi unavyopimwa

Kupima ustawi wa jamii ndani ya mipaka ya ikolojia ni kuuliza maswali mawili kwa mpigo: je, watu wanaishi vizuri, na je, dunia inayahimili maisha hayo? Swali la kwanza tumelizoea. La pili huachiwa wizara ya mazingira, kana kwamba halihusiani na la kwanza.

Chukua msitu unaotunza chemchemi. Miti ikikatwa na mbao zikauzwa, mauzo yanaingia kwenye Pato la Taifa. Chemchemi ikikauka, hakuna kinachopunguzwa katika hesabu hiyo. Wakazi wa bondeni wakianza kununua maji yanayoletwa kwa lori, fedha wanazolipa nazo zinaongezwa. Vitabu vya hesabu vinasema uchumi umekua, ilhali familia iliyokuwa ikichota maji bure sasa inatoa fedha kwa kila ndoo. Hili lilijulikana mapema. Mwaka 1934 Simon Kuznets, mwanauchumi aliyesimamia makadirio ya pato la taifa la Marekani, aliliandikia Bunge la nchi hiyo kwamba ustawi wa taifa ni vigumu kuujua kwa kutazama pato lake. Mwenye kipimo ndiye aliyeonya.

Njia rahisi ya kuielewa dhana hii ni kufikiria nyumba yenye sakafu na dari. Sakafu ni mahitaji ambayo hakuna mtu anayestahili kuyakosa: chakula, maji safi, matibabu, elimu, sauti katika maamuzi. Dari ni uwezo wa mifumo ya asili. Mwaka 2012 mwanauchumi Mwingereza Kate Raworth aliyachora haya mawili kama donati: anayeanguka katika tundu la katikati amepungukiwa, na jamii inayovuka ukingo wa nje inaiharibu dunia inayoilea. Dari yenyewe ilitokana na kazi ya mwanasayansi wa mazingira wa Sweden, Johan Rockström, na wenzake, waliotaja mipaka 9 mwaka 2009, ikiwemo tabianchi, bayoanuai (wingi wa aina za viumbe), maji yasiyo ya chumvi na mbolea za nitrojeni na fosforasi. Kwa hewaukaa (kaboni dioksidi) waliweka kikomo cha sehemu 350 kwa kila milioni ya hewa. Sasa tumepita 420. Tathmini ya mwaka 2023 ilikuta mipaka 6 imeshavukwa.

Je, sakafu na dari zijumlishwe ziwe tarakimu moja? Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilijaribu mwaka 2020, likapunguza alama za maendeleo ya binadamu, yaani zile ambazo kila nchi hupewa kwa afya, elimu na kipato, kulingana na hewaukaa inayotoa na malighafi inayotumia kwa kila mtu. Norway, iliyokuwa ya kwanza, ikashuka nafasi 15. Kwa kuamsha watu, hesabu hiyo ina nguvu. Kwa kutunga sera, naona ni bora kila kipimo kisimame peke yake, kwa sababu wastani huficha. Shule nzuri hazifidii mto uliokufa, na samaki waliotoweka hawarudi kwa kuwa umri wa kuishi umeongezeka.

Lipo pia suala la nani ahesabiwe. Chuma kikiyeyushwa nchi moja na kutumika nchi nyingine, moshi ni wa nani? Ukihesabu mahali pa uzalishaji, nchi tajiri inaweza kuhamishia viwanda vyake ng'ambo na kujiita safi bila kupunguza matumizi hata kidogo. Ndiyo maana hesabu ya haki hufuata mtumiaji. Utafiti wa mwaka 2018 uliopima nchi takriban 150 kwa njia hiyo haukupata hata moja inayowatosheleza watu wake bila kuzidisha matumizi ya dunia. Kwa hiyo sera haiwezi kuwa moja kwa wote: walio chini ya sakafu wana haki ya kuongeza matumizi, na walio juu ya dari wana wajibu wa kupunguza.

Kwa mtunga sera, kinachobadilika ni mpangilio wa kazi. Mara nyingi vibali vya kuvuta maji ya mto hutolewa kwanza, madhara yakatathminiwa baadaye. Kwa njia hii mtu anaanza kwa kupima maji ambayo mto unayahitaji wakati wa kiangazi ili ubaki hai, anatenga ya kunywa kwa kila kaya, na kilichosalia ndicho kinachogawiwa mashamba na viwanda. Kama hakuna kilichosalia, hakuna kibali.