Mfungwa Kenya ana haki ya kupiga kura

Ukipita vijiweni msimu wa uchaguzi utasikia mtu akisema kwa uhakika: "Aliyefungwa hana kura." Nimelisikia tangu utotoni, na linaniuma, kwa sababu linawatoa watu kwenye uraia wao bila sheria yoyote kusema hivyo.

Soma kifungu cha 83 cha Katiba ya 2010. Kujiandikisha kunahitaji uwe raia mtu mzima, mwenye akili timamu, na usiwe umehukumiwa kwa kosa la uchaguzi katika miaka 5 iliyotangulia. Basi. Wizi wa kuku haumo, mauaji hayamo. Mahabusu, ambaye hata hajahukumiwa, ndiyo kabisa.

Uvumi huu una mizizi: katiba ya zamani ilimnyima kura aliye kifungoni. Lakini hata kabla haijaondoka, mahakama ya muda ya migogoro ya katiba iliamua mwaka 2010 kwamba wafungwa washiriki kura ya maoni, nao wakapiga Agosti 4. Mahakama Kuu ikaithibitisha haki hiyo 2013, na 2017 vituo vikafunguliwa magerezani kwa uchaguzi mkuu.

Huko ndani walipewa karatasi moja tu, ya urais. Karatasi hiyo ni ileile nchi nzima. Ya mbunge hutegemea eneo alikojiandikisha mtu. Na asiye na kitambulisho cha taifa wala pasipoti hawezi kuandikishwa. Wengi hukwama hapo, na hapo ndipo jamaa zao wanaweza kusaidia.