Boti hazikutoka, basi kusi imekaza

Mwezi wa saba, msimu wa upepo wa kusi, baada ya alasiri, tulikuwa tumeketi barazani, hatua chache kutoka uwanja wa Mkunguni hapa Lamu. Ami mmoja, baharia wa zamani ambaye maneno yake hayapingwi ovyo, alitazama upande wa gati akasema: "Kusi ikikaza, boti za uvuvi hazitoki. Yeo hazikutoka. Basi kusi imekaza." Watu wakaitikia kwa vichwa. Kijana aliyekuwa akipita na mkokoteni akasimama. "Samahani, ami. Huko nje shwari. Petroli ndiyo iliyokosekana tangu jana."

Ami alicheka, akasema hata hivyo maneno yake yalikuwa na mantiki. Hapana. Yalikuwa na mlio wa mantiki, na miaka ya kufundisha hesabu imenionyesha kwamba mlio huo ndio unaotuponza, mimi nikiwamo. Nimekusanya hapa dhana ninazokutana nazo darasani na barazani, na kando ya kila moja nimeweka mambo yalivyo.

Dhana: mwenye mantiki ni anayeshinda ubishi

Ubishi una mshindi wake, na mara nyingi ni mwenye sauti au mwenye mvi. Mantiki haimjui msemaji. Inauliza swali moja: kauli za msingi zikiwa kweli zote, je, kuna namna yoyote ya hitimisho kuwa uongo? Kama hakuna, hoja ni halali. Ikipatikana hata namna moja, ya mbali vipi, hoja si halali. (Halali hii haihusiani na ile ya nyama. Ni jina la kazi tu.)

Dhana: hitimisho likiwa kweli, hoja ni nzuri

Hii wanafunzi wangu huikumbatia kwa muda mrefu kuliko zote. Huwaandikia ubaoni: kila kisiwa kimezungukwa na maji, Lamu imezungukwa na maji, kwa hiyo Lamu ni kisiwa. Kauli tatu, zote kweli, darasa zima linapitisha. Kisha nafuta "Lamu" na mahali pake naandika "meli iliyotia nanga". Kila kisiwa kimezungukwa na maji. Meli iliyotia nanga imezungukwa na maji. Kwa hiyo meli iliyotia nanga ni kisiwa. Wanaangua kicheko, halafu kinakatika ghafla, maana wameona kwamba umbo ni lile lile walilolipitisha dakika moja nyuma. Lamu ni kisiwa, ndiyo, ila hoja ile haikuthibitisha hivyo.

Kwa asiyependa alama za kihisabati, sijui chombo bora kuliko hiki. Liache umbo la hoja kama lilivyo, badilisha vitu vilivyomo, uone kama unaweza kuanzia kwenye ukweli ukaishia kwenye upuuzi. Ukifaulu, hoja imevunjika.

Kinyume chake pia kipo. Kila punda wa Lamu anajua kusoma. Huyu aliyeziba kichochoro ni punda wa Lamu. Kwa hiyo anajua kusoma. Hoja hii ni halali kabisa! Uongo umo katika kauli ya kwanza, maungo ya hoja hayana kosa. Hoja za sura hii, za "kila", "baadhi" na "hakuna", ndizo alizozichambua Aristotle katika karne ya 4 K.K. Na hoja ya kutegemewa ni ile iliyo halali na ambayo misingi yake ni ya kweli. Mantiki yenyewe inakukagulia hilo la kwanza tu. La pili itabidi uende ukaangalie, kama yule kijana wa mkokoteni aliyekuwa ametoka baharini.

Dhana: "ikiwa A, basi B" ni sawa na "ikiwa B, basi A"

Hapa ndipo alipoteleza ami, na hapa nataka kukaa. "Ikiwa" ni kama mlango wa dema, ule mtego wa samaki: samaki anaingia nao, harudi nao.

Chukua jambo ambalo kila mvuvi analijua. Ikiwa mwezi ni mpevu, maji ni ya bamvua, yaani yanajaa na kupwa kupita kawaida. Ni kweli, kwa kuwa siku hizo jua, dunia na mwezi hukaa karibu na mstari mmoja na mvuto wa jua na mwezi hushirikiana. Sasa leo umeona bamvua. Je, mwezi ni mpevu? Huenda ndio kwanza umeandama, maana hapo pia vitu hivyo vitatu viko mstarini. Kutoka bamvua huwezi kurudi hadi mwezi mpevu, kama vile kutoka boti zilizolala huwezi kurudi hadi kusi. Unachoweza ni hiki: maji ni mafu, yaani si ya bamvua, basi mwezi si mpevu. Ukigeuza pande na kuzikanusha zote mbili, hoja inasimama.

Kuna kosa la pili, pacha wa hilo: kukanusha upande wa kwanza ukadhani umekanusha na wa pili. Ikiwa mwezi wa Shawali ulionekana jana jioni, leo ni Idi. Jana haukuonekana. Basi leo si Idi? Mtoto wa chuo cha Kurani atakujibu kwamba Ramadhani ikitimiza siku thelathini ni Idi hata mbingu zikijifunga mawingu. Kwenye mwandamo hatukosei. Kwenye bei ya samaki na siasa, umbo hilo hilo linatumeza mchana kweupe.

Lakini wanafunzi wana malalamiko ya haki hapa. Nikimwambia mwanangu, "Ukimaliza hesabu zako nitakununulia mahamri," anaelewa kwamba asipomaliza hapati, na mimi nilikusudia hivyo. Hajakosea. Amesoma nia yangu. Kauli yenyewe haikusema lolote kuhusu kutomaliza. Wanavyuoni wa usuli fiqhi, elimu ya misingi ya sheria ya Kiislamu, wana jina la maana ya namna hii, inayochukuliwa kutokana na kinyume cha kilichotajwa: mafhumu mukhalafa. Na madhehebu yao yamehitilafiana juu yake. Mashafii, ambao ndio wengi huku kwetu pwani, wanaikubali kwa masharti. Mahanafi hawaihesabu kuwa dalili katika maandiko. Mvulana wa kidato cha pili anayelalamika kwamba "ikiwa" ya darasani si ile ya nyumbani hayuko peke yake.

Basi "ikiwa A, basi B" ni uongo lini? Mara moja tu: A ikiwa kweli na B ikiwa uongo. Nikikuahidi, "Boti ikifika kabla ya magharibi, nitakuletea samaki changu," boti ikafika nami nikaja mikono mitupu, nimesema uongo. Boti isipofika, nije na changu nisije naye, huna la kunishika. Kwa kuwa mantiki hii ina vikapu viwili tu, kweli na uongo, kauli isiyoweza kushikwa na uongo inatiwa kwenye kikapu cha kweli. Ndiyo maana "ikiwa punda wanaruka, mimi ni sultani" inahesabiwa kuwa kweli. Inakera, nakubali. Ilikera tangu zamani: mwanafalsafa wa Kigiriki Philo wa Megara alipoipendekeza kanuni hii, karibu miaka 300 kabla ya Kristo, Diodorus Cronus alikuwa na rai tofauti, na ubishi ulienea hata mshairi Callimachus wa Alexandria akafanya mzaha kwamba kunguru juu ya mapaa nao wanalia wakiulizana ni "ikiwa" zipi zilizo sawa. Aliyewahi kulala juu ya dari la nyumba ya Lamu ataamini kwamba hawajamaliza.

Dhana: akili timamu haikosei mambo mepesi hivi

Mwaka 1966 Peter Wason, mwanasaikolojia wa Uingereza, alieleza fumbo ambalo nimelijaribu barazani kwa vipande vya boksi la biskuti. Vipande vinne, kila kimoja kina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Unaona A, K, 4 na 7. Kanuni: ikiwa upande mmoja ni irabu, upande wa pili ni namba shufwa. Ugeuze vipande vipi, na hivyo tu, ili ujue kama kanuni imevunjwa?

Ami alifunua A, akafunua na 4, akaegemea ukuta ameridhika. Wengi hufanya hivyo. A ni sawa, lakini 4 haina kazi: nyuma yake kukiwa na irabu au konsonanti, kanuni haidhuriki. Cha kufunuliwa ni 7, maana witiri ikiwa na irabu mgongoni, kanuni imekufa. Nilipomweleza alinitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi.

Nikabadilisha. "Ami, uko kwenye gati la Mokowe. Sheria: ikiwa mtu anapanda boti, lazima avae jaketi la kuokoa maisha. Kuna watu wanne, na kila mmoja unajua jambo lake moja tu. Wa kwanza anapanda boti. Wa pili anabaki gatini. Wa tatu amevaa jaketi. Wa nne hakuvaa. Utawakagua akina nani?"

Hakungoja nimalize. "Anayepanda, na asiyevaa. Huyo mwingine mwache, avae hata akilala."

Ni fumbo lile lile. Mwaka 1982 wanasaikolojia Griggs na Cox, huko Florida, walilivika sheria ya umri wa kunywa pombe, na watu wengi waliokwama kwenye herufi wakapita bila shida. Kwa nini sheria za watu zinatuwia rahisi kuliko kanuni za herufi? Wanasaikolojia bado wanalijadili.

Dhana: mantiki imeletwa na Wazungu

Neno lenyewe linakataa. Ni mantiq ya Kiarabu, kutoka mzizi wenye maana ya kutamka. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, alifafanua vitabu vya Aristotle. Ibn Sina, aliyefariki 1037, alizichambua kwa kina hoja za "ikiwa". Al-Ghazali, aliyefariki 1111, alianza kitabu chake cha usuli kwa utangulizi wa mantiki. Katika karne ya 16 al-Akhdari wa Algeria aliifupisha elimu hii kwa mashairi ili wanafunzi waihifadhi kwa moyo. Walikuwapo waliopinga pia, Ibn Taymiyya akiwa mkali wao. Wapinzani nao walipinga kwa hoja.

Dhana: kinyume cha "wote" ni "hakuna"

"Wavuvi wote wamerudi" inavunjwa na mvuvi mmoja aliyebaki nje. Kwa hiyo kinyume chake ni "kuna angalau mmoja ambaye hajarudi". Kiswahili kina mtego wake hapa. Ukituma ujumbe, "Wavuvi wote hawajarudi," nyumba moja itaelewa kwamba hakuna hata mmoja aliyerudi, na nyumba ya jirani kwamba baadhi bado. Siku ya tufani, tofauti hiyo ni kilio. Andika "hakuna aliyerudi" au "si wote waliorudi", usiwaachie watu kazi ya kubashiri.

Dhana: "au" ni kimoja tu, si vyote viwili

Ofisini ukiambiwa ulete kitambulisho au pasipoti, ukaja na vyote viwili, hakuna atakayekufukuza. "Au" ya mantiki ni hiyo: inakuwa uongo pale tu pande zote mbili zinapokuwa uongo. "Au" ya muuza kahawa anayeuliza kama unataka ya tangawizi au tupu ni nyingine, na ina jedwali lake la kweli na uongo.

Mwanahisabati George Boole aliyaandika maneno haya madogo, "na", "au" na "si", kwa mtindo wa aljebra katika vitabu vyake vya 1847 na 1854. Mwaka 1937 Claude Shannon, akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika chuo cha MIT huko Marekani, alionyesha kwamba aljebra hiyo hiyo inaeleza saketi za swichi. Swichi mbili zilizofuatana ni "na". Zilizo sambamba ni "au" ya kitambulisho na pasipoti. Simu yako imejaa hizo.

Ile "au" nyingine iko kwetu ngazini. Taa ni moja, swichi ni mbili, ya chini na ya juu. Zikitofautiana, taa inawaka, zikifanana, inazimika. Mwanangu anapanda usiku akiigusa ya chini, anashuka akiigusa ya juu, anapanda tena, na bibi yake kutoka chumbani anauliza ni nani huyo anayechezea umeme.