Je, wajua kwa nini samaki wa baharini anakufa kwenye maji yaleyale ya baharini?

Mtu anaishi Kigamboni au Nyali, bahari iko hapo, anajaza madumu anamimina kwenye tangi la kioo la lita 60, anaweka pampu ya hewa, alafu anatia samaki watatu wanne waliotoka kwenye miamba ya hapohapo. Kila kitu cha asili, hakuna kemikali hata moja. Siku kadhaa mbele samaki wanapanda juu kuhema, matamvua yamekuwa mekundu kupita kiasi, hawali, na mmoja mmoja wanaanza kuelea.

Hapo ndo lawama zinaanza. Wa kwanza anasema hewa haitoshi, inaongezwa pampu ya pili. Mwingine anasema samaki wameshtuka na safari, mwingine anasema maji yalikuwa machafu, basi yanamwagwa yote, mawe yanasuguliwa kwa maji ya bomba mpaka yang'ae, yanaletwa maji mapya, samaki wapya, na wao wanakufa vilevile, wakati mwingine haraka zaidi.

Tuwe wa haki, maji machafu yapo. Ukichota karibu na mdomo wa mto Msimbazi baada ya mvua usitegemee mazuri, bora uchote maji yamejaa, mbali na mito na mifereji. Na hewa kidogo nayo inaua kweli. Lakini chukua maji masafi kabisa, piga hewa mpaka tangi lichemke mapovu, na bado samaki watakufa kwa mtindo uleule, kwa sababu wazo lenyewe la mwanzo limekaa vibaya: kwamba bahari ni maji. Maji ni sehemu tu. Kazi ya kuyaweka yakalika inafanyika kwenye mawe na mchanga, na hivyo havikuja na madumu.

Uchafu mwingi wa nitrojeni wa samaki hautoki na mkojo, unatoka kwenye matamvua, pale pekundu panapofunuliwa sokoni kuangalia kama samaki bado freshi. Unatoka kama amonia. Baharini inapotea kwenye ujazo ambao hauna mwisho, kwenye lita 60 inabaki na yeye. Ikizidi nje, ya ndani ya damu inashindwa kutoka, na matamvua yanaungua, ndo maana samaki anahema kama amekosa hewa wakati hewa ipo tele. Maji ya bahari yana pH (kipimo cha asidi na magadi kwenye maji) ya 8.1 mpaka 8.4 hivi, na kadiri pH inavyopanda sehemu kubwa zaidi ya amonia inakuwa ile yenye sumu kali. Ukilinganisha na maji ya pH 7, hapa sumu hiyo ni zaidi ya mara kumi kwa kiasi kilekile cha amonia. Kwa hiyo aliyewahi kufuga perege au samaki wa dhahabu wa maji baridi akapona na uzembe wake asidhani bahati hiyo itahamia huku.

Sasa nani anaiondoa? Chukua mtaa mpya, nyumba zimejengwa zote, watu wamehamia wiki moja, ila wazoa taka hawajafika. Siku ya kwanza hakuna anayelalamika. Wiki ikiisha mtaa haupitiki. Mtaa unahitaji vikosi viwili. Kwanza vijana wa mkokoteni, wanaotoa taka mlangoni na kuzipeleka kwenye kizimba: hao ni vijidudu wanaogeuza amonia kuwa nitriti. Taka zimeondoka mlangoni lakini bado zinanuka pale kwenye kona. Kisha lori, linalobeba kutoka kizimba kwenda dampo: hao ni bakteria wengine kabisa, wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia kwa kiasi kikubwa tu.

Mfano huu unaeleza mambo kadhaa yanayowachanganya watu. Lori haliji mpaka kizimba kijae, ndo maana kwenye tangi jipya amonia inapanda alafu inashuka, na inaposhuka nitriti ndo inaruka juu, mtu anadhani ameharibu kumbe kazi inaendelea. Vijana wa mkokoteni wanakuja kwa idadi ya taka zilizopo, hivyo ukiwa na samaki mmoja una vikosi vya kumtosha mmoja, ukiongeza sita kwa mpigo mtaa unafurika tena. Na wazoa taka wanahitaji pa kukaa, yaani vijidudu hawa wananata juu ya jiwe, mchanga, sponji ya filta, hawaelei ovyo. Aliyesugua mawe kwa maji ya bomba yenye klorini amewafukuza kazi wote kwa usiku mmoja. Dampo nalo linajaa, nitrati unaipunguza kwa kubadili maji kidogokidogo, ila ndani kabisa ya vitundu vya jiwe, kule oksijeni isikofika, kuna bakteria wa kundi la tatu wanaoigeuza kuwa gesi ya nitrojeni ikapaa zake.

Kuna mtu atauliza, si hao vijidudu wamo hata kwenye maji ya bahari? Wamo, na kwenye kina kirefu ni wengi ajabu, ila wale wamezoea amonia ya kiasi kidogo mno, na waliomo kwenye madumu yako hawawezi mzigo wa samaki wanne. Alafu ni wavivu kuzaana. Bakteria wa kuozesha chakula anaweza kujigawa ndani ya nusu saa, hawa inawachukua nusu siku, siku nzima, hata zaidi.

Mambo ya mawe hayakugunduliwa maabara. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mfugaji wa samaki wa Jakarta, aliandika jinsi anavyofuga viumbe vya miamba kwa kutumia mawe yaliyotoka baharini na uhai wake pamoja na mapovu ya hewa tu, wakati wenzake Ulaya na Marekani walikuwa wanahangaika na filta. Na nani hasa anazoa amonia, hilo nalo lilikuja kuwa na kituko chake. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa bakteria, basi. Mwaka 2005 watafiti wakatangaza kiumbe kinaitwa Nitrosopumilus maritimus, ambacho wala sio bakteria, ni akea, kundi jingine la vijidudu ambalo watu walilijua zaidi kwa kukaa kwenye chemchemi za moto na maziwa ya chumvi. Walikitoa wapi? Kwenye changarawe ya tangi la samaki la maji ya bahari, akwariamu ya Seattle.

Basi kuanza ni hivi. Tafuta jiwe lenye vitundu. Usiende kubeba Mbudya wala Bongoyo, vile visiwa ni hifadhi za bahari, na matumbawe magumu yako kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa kusimamia biashara ya viumbe walio hatarini, huwezi kuyapitisha mpakani kienyeji. Jiwe la matumbawe ya kale linalochimbwa nchi kavu, lile la kujengea nyumba za Mji Mkongwe, lina vitundu vya kutosha, ila linakuja na udongo na takataka za miaka, liloweke wiki kadhaa huku ukibadili maji. Maji ukiyatengeneza mwenyewe tumia chumvi ya akwariamu, gramu 35 kwa lita. Ya mezani haina magnesi wala kalsi ya kutosha.

Samaki bado. Chukua kamba mmoja mbichi, mfunge kwenye kipande cha soksi nyepesi, mtumbukize. Baada ya siku mbili tatu anavaa utando mweupe kama pamba na anaanza kunuka, ndo unachotaka, anatoa amonia bila kiumbe hai kuteseka. Alafu pima. Vipimo vingi ni chupa ndogo ya kioo, matone kadhaa, unatikisa, unasubiri dakika tano: njano maana yake hakuna amonia, kijani maana yake ipo, na kijani kikikolea ujue bado mbali. Unangoja mpaka amonia na nitriti zote zisome sifuri hata ukiongeza kitu cha kuoza. Mara nyingi ni wiki nne mpaka sita, jiwe likiwa kavu ni zaidi. Zipo chupa za bakteria zinazouzwa kufupisha muda, zingine zinasaidia kweli, zingine zimekaa kwenye joto la ghala mpaka kilichomo kimekufa, na kwa macho huwezi kujua ipi ni ipi.

Kuhusu maji kupungua, kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Tangi la lita 60 lina chumvi kilo 2.1, likishuka mpaka lita 54 kila lita inabeba karibu gramu 39. Kwa hiyo kinachoongezwa ni maji matamu yaliyochujwa, kila siku, wala sio dumu jingine la bahari. Hapo ndo tangi dogo linapomsumbua anayeanza kuliko kubwa, kila kosa linaonekana haraka. Joto la Dar mwezi wa pili pia ni shida, maji yanagonga nyuzi 30 wakati matumbawe yanapenda 24 mpaka 27, hita haina kazi, unahitaji feni ipulize juu ya maji, na feni inazidisha kupaa. Umeme ukikatika vijidudu navyo vinakosa oksijeni, pampu ndogo ya betri iwe karibu.

Wakazi wa kwanza wawe konokono wachache wa kula mwani, kisha samaki mmoja wa anemone, kisha matumbawe laini, aina zinazoitwa uyoga na zoanthidi, yale magumu yasubiri miezi. Zoanthidi ni wazuri na wagumu kufa, ila baadhi yao wana palitoksini, moja ya sumu kali kabisa za asili, kwa hiyo unavaa glavu, na jiwe lenye zoanthidi usilichemshe ndani ya nyumba ili kulisafisha. Watu wamelazwa hospitali kwa kuvuta mvuke wake, familia nzima.