Wi-Fi imejaa lakini intaneti hakuna: dhana potofu kuhusu mtandao wa nyumbani unaosuasua

Ukishajulikana kwenye ukoo kuwa ndiye "anayejua mambo ya kompyuta", utapigiwa simu ileile mara nyingi: "Hawa watu wa intaneti ni wezi." Ukiuliza kimetokea nini, unaambiwa mtandao unakatakata. Ukiuliza unakatikia wapi, kimya. Na hilo la wapi ndilo kazi nzima. Kati ya simu yako na ukurasa unaoufungua kuna vipande vitatu vya njia: kutoka simu hadi rauta, kutoka rauta hadi kwa mtoa huduma, na kutoka kwake hadi huko duniani. Kila kipande kina maradhi yake. Dhana potofu nyingi ninazokutana nazo ni za mtu anayetibu kipande kizima huku kile kibovu kimekaa pembeni kinamtazama.

"Alama ya Wi-Fi imejaa, kwa hiyo kosa ni la mtoa huduma"

Alama ile inapima jambo moja tu: simu inavyoisikia rauta. Chomoa waya unaoingiza intaneti kwenye rauta uone. Alama itabaki imejaa vilevile, pengine na kialama kidogo cha kukuonya. Tena inapima upande mmoja. Rauta ina sauti kubwa kuliko simu, kwa hiyo simu inaweza kuisikia vizuri kutoka chumba cha mwisho wakati yenyewe haisikiki ikijibu.

Kipimo ninachokiamini ni cha zamani na hakina mbwembwe. Amri ya ping, inayotuma kijiujumbe kwa mashine nyingine na kupima muda wa jibu kurudi, iliandikwa na Mike Muuss mwezi Desemba 1983, na mpaka leo inakuja na karibu kila kompyuta. Chukua laptopu, iunganishe na rauta kwa waya, fungua madirisha mawili meusi ya amri. La kwanza andika ping -t 192.168.1.1, au anwani yoyote ile ya rauta yako. Ukiandika ipconfig kwenye Windows utaiona kwenye mstari wa Default Gateway. La pili andika ping -t 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google iliyo nje kabisa. Kwenye Mac na Linux hiyo -t haihitajiki. Yaweke ubavu kwa ubavu, endelea na shughuli zako, subiri ugonjwa uje.

Usomaji wake ni mwepesi. Dirisha la nje likinyamaza huku la rauta linaendelea kujibu chini ya milisekunde 1 au 2, nyumbani kwako kuko salama kwa waya, tatizo liko rautani kwenda mbele. Yakinyamaza yote mawili, usimpigie mtu simu bado. Kuna kitu ndani ya nyumba. Kisha chomoa waya, rudia kwa Wi-Fi. Kama kwa waya ilikuwa shwari na kwa Wi-Fi namba zinaruka kutoka 3 hadi 400, umeshampata mwizi. Jibu moja kupotea katika mia si la kukunyima usingizi. Yakipotea matano mfululizo, hapo pana jambo.

Mimi mwenyewe nilimlaumu mtoa huduma wangu wiki kadhaa kabla ya kujipima. Intaneti ilikuwa inapotea kila jioni, dakika mbili hivi, halafu inarudi. Niliporuhusu madirisha yale mawili yaendelee, yote yalizima kwa pamoja. Jioni iliyofuata nilikaa mbele ya rauta kama anayevizia panya. Taa zote zikazima, kufumba na kufumbua, kisha zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine: ilikuwa inajiwasha upya. Nikashika adapta ya umeme, ya moto, na pini yake ikicheza ndani ya tundu. Nilinunua nyingine yenye volti zilezile na ampea zilezile, ikawa mwisho wa habari. Tangu hapo adapta naishuku mapema, maana huchoka polepole na hakuna taa inayokuambia imechoka.

"Zima, washa, itakaa sawa"

Itakaa, ndiyo maana dhana hii haifi. Rauta ni kompyuta ndogo. Programu yake hukwama, kumbukumbu hujaa, na ikiwaka upya huanza safi, pengine na kuchagua chaneli, yaani kijinjia cha mawimbi, yenye nafasi. Ila ukilazimika kuizima kila siku, ugonjwa bado upo, umeutuliza tu. Halafu rauta nyingi huweka kumbukumbu ya matukio mahali panapofutika zikizimwa. Kwa hiyo unafuta ushahidi. Kabla hujaigusa, tazama taa zipi zimewaka na kwa rangi gani, piga picha kwa simu, andika saa.

Kwa walio kwenye laini za simu za shaba kuna hasara nyingine. Mitambo ya watoa huduma wengi huihesabu laini inayokatika mara kwa mara kuwa si imara, na huishusha kasi ili itulie. Mitambo hiyo haiwezi kutofautisha laini mbovu na mwenye nyumba mwenye papara.

Na kile kitundu cha nyuma kinachotaka ncha ya pini si cha kuwashia upya. Ukikibonyeza kwa sekunde kadhaa kinafuta kila kitu, pamoja na jina na nywila ambazo rauta inatumia kujitambulisha kwa mtoa huduma. Nimeona watu walioanza na intaneti inayokatika wakaishia na isiyokuwepo kabisa.

"Tupande kifurushi, kasi haitoshi"

Hapa ndipo pesa nyingi inapopotea bure. Netflix wenyewe wanapendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080p na 15 kwa 4K. Nyumba yenye megabiti 30 inayokwamakwama kwenye filamu moja haina njaa ya kasi. Kuna mahali njia imebanwa. Ukipanda hadi 100 ilhali ukuta ulio kati ya rauta na sebule unapitisha 8, utaendelea kupata 8, ila kwa bei kubwa zaidi.

Pia kuna mchanganyo wa biti na baiti. Kifurushi huuzwa kwa megabiti, faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Megabiti 20 ni megabaiti 2.5 kwa sekunde, basi. Faili la gigabaiti 1 litachukua karibu dakika 7 hata mambo yote yakienda vizuri, na hapo hujaibiwa.

Lisiloangaliwa na wengi ni njia ya kupanda, yaani data inayotoka kwako kwenda nje. Vifurushi vingi huipa upana mdogo kuliko ya kushuka. Dada yangu alikuwa analalamika kuwa vikao vyake vya video hukwama kila mume wake akirudi kutoka kazini. Tulicheka, lakini ilikuwa kweli: simu ya shemeji ikishaiona Wi-Fi ya nyumbani inaanza kupeleka picha na video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni. Video ya megabaiti 375 kwenye njia ya kupanda ya megabiti 5 inaiziba kwa dakika 10 kamili. Na njia hiyo ikiziba, kushuka nako kunaumia, kwa sababu kila kinachoshuka kinahitaji kijirisiti cha "nimepokea" kinachopanda kurudi juu. Vijirisiti vikikaa foleni, kila kitu kinakaa foleni. Kwenye ping utaona jibu la milisekunde 20 likipanda hadi 600 bila hata moja kupotea, kisha likishuka ghafla upakiaji ukiisha. Dawa yake ni kuhamishia kazi hiyo usiku wa manane, au kama rauta yako ina upangaji wa foleni wa kisasa kama fq_codel au CAKE, uipe kikomo cha kupanda kilicho chini kidogo ya kasi halisi, tuseme asilimia 90. Foleni inabaki mikononi mwa rauta yako, nayo inajua kumpisha mwenye haraka.

"Tumia ile iliyoandikwa 5G, ndiyo yenye nguvu"

Kwanza, hiyo 5G kwenye jina la Wi-Fi haina undugu na 5G ya minara ya simu. Ni gigahezi 5, masafa tu. Hubeba data nyingi na huwa na msongamano mdogo, lakini kuta huyachosha haraka. Ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi, ila ndipo walipojazana wote: Bluetooth, vifaa vya kusikilizia watoto, majirani, na jiko la maikrowevu linalofanya kazi kwenye gigahezi 2.45 hivi. Kama intaneti hufa chakula kikipashwa moto na kufufuka kengele ikilia, usiite fundi. Ukiwa chumba kimoja na rauta chukua 5; ukiwa kuta mbili mbali, jaribu 2.4 kabla ya kulalamika.

Kwenye 2.4 chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11. Mtu hufungua mipangilio, anaona jirani yuko 1, mwingine yuko 6, anajipeleka 3 akidhani amepata nafasi ya katikati. Amejiharibia. Walio chaneli moja husikilizana na kupokezana zamu. Aliye 3 anawapigia kelele wote wawili nao wanampigia yeye. Bora kushiriki chaneli 1 na jirani kwa adabu.

Kwenye 5 kuna kituko kimoja kinachowasumbua watu bila wao kujua. Baadhi ya chaneli zake zinatumiwa pia na rada, zikiwemo za hali ya hewa, na rauta ikihisi rada inatakiwa kuhama mara moja. Ikihamia chaneli nyingine ya aina hiyohiyo, husikiliza kwanza dakika nzima ndipo irudi hewani. Kama Wi-Fi ya 5 hupotea kabisa kwenye orodha ya simu kisha hurudi, weka chaneli kati ya 36 na 48.

"Nunua kirudishi, uweke pale pasipofika"

Kirudishi ni kifaa kinachoipokea Wi-Fi na kuirusha tena mbele. Pale pasipofika hata chenyewe hakisikii kitu, kwa hiyo kitarudia kunong'ona kilichonong'onewa. Kikae katikati ya njia, mahali ambapo mawimbi bado yana afya. Na kile cha bei rahisi chenye redio moja hutumia pumzi ileile kupokea na kutuma, hivyo kasi hupungua kama nusu. Kabla ya kununua, itoe rauta nyuma ya televisheni au ndani ya kabati ulikoificha kwa sababu haipendezi, uiweke juu, mahali pa wazi, karibu na katikati ya nyumba. Chuma, vioo vya kujitazamia na tangi la samaki ni maadui wa mawimbi. Mara nyingi kuihamisha mita mbili kunatosha.

Ukiamua kutumia rauta ya zamani kama kirudishi, zima kwanza ugawaji wa anwani, yaani DHCP, na uipe anwani isiyofanana na ya rauta kuu. Rauta mbili zinazogawa anwani ndani ya nyumba moja huleta ule ugonjwa wa ajabu wa "kwangu inafanya kazi, kwako haifanyi", na kesho yake mnabadilishana.

"Badilisha DNS, intaneti itapaa"

DNS, aliyoibuni Paul Mockapetris mwaka 1983, ni kama kitabu cha simu: unampa jina la tovuti, anakupa namba. Kitabu cha haraka kinafupisha kutafuta namba, hakifupishi mazungumzo yenyewe. Ukibadilisha kwenda 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare, filamu haitashuka kwa kasi zaidi. Lakini ipo siku kitabu ndicho kibovu, na dalili yake iko wazi: ping kwa namba inajibu, kwa jina la tovuti inagoma. Hapo badilisha, na utasifiwa kama mganga.

"Mvua ikinyesha faiba lazima isumbue"

Ndani ya faiba kuna mwanga kwenye uzi wa glasi, mvua haiuhusu. Ila maunganisho yaliyoachwa wazi, umeme wa mitambo ya njiani na nguzo zilizoanguka vinauhusu. Mvua huumiza zaidi laini za shaba, kupitia maji kwenye maungio, na intaneti ya setilaiti. Kwenye faiba, mimi hutazama kwanza waya ule mwembamba wa ndani: umekunjwa kona kali nyuma ya kochi? Mwanga huvujia kwenye kona. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kabisa, na hakuna mpangilio wa rauta utakaokusaidia. Usichungulie ncha ya uzi huo kuona kama unawaka; ni leza isiyoonekana kwa macho, na jicho halina adapta ya kubadilisha.

"Fundi akija ataona mwenyewe"

Hataona. Ugonjwa unaokuja na kuondoka hupenda kupona fundi akibisha hodi. Atapima, atakuta kila kitu kijani, atakupa fomu uweke sahihi. Kipimo kimoja cha kasi ulichopiga kwa simu ukiwa kitandani hakitamshawishi, na kwa haki. Kinachomfanya akae chini ni karatasi yenye mistari kama hii:

Jumanne saa 1:42 usiku, kwa waya. Rauta inajibu, 8.8.8.8 kimya dakika 3. LOS nyekundu.
Jumatano saa 1:55 usiku, kwa waya. Vilevile, dakika 2.
Alhamisi asubuhi hadi jioni, shwari. Saa 1:38 usiku, kimya dakika 4, LOS nyekundu.

Fundi wa kwanza niliyemwonyesha karatasi ya namna hiyo hakuigusa rauta. Alitoka nje moja kwa moja na ngazi yake.