Mikono inatetemeka kwenye mashindano ya gofu? Acha kumeza vidonge vya kuazima

Swali: Kwanini mazoezini napiga fresh, siku ya mashindano nachemka?

Ni wasiwasi. Mwili ukihisi hatari unamwaga adrenalini, moyo unakimbia, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, wakati kuusukuma mpira taratibu uingie shimoni kunataka mikono iliyolegea. Halafu gofu ina tabu yake, mpira umetulia unakusubiri, hakuna anayekukimbiza, raundi ya mashimo 18 inakula masaa manne na zaidi na kila pigo ni sekunde tu, muda wote uliobaki uko peke yako na mawazo yako.

Swali: Rafiki kanipa kidonge cha presha, anasema kinatuliza mikono. Nimeze?

Hapana. Usimeze. Hili nalikuta kwa wagonjwa kila mara na linanichosha kweli, mtu hajapimwa presha hata mara moja anameza propranolol ya mwenzake. Ni kweli inapunguza mapigo na mtetemeko, ndo maana mnaipenda. Lakini kama una pumu inaweza kukubana kifua ukakosa hewa, kama mapigo yako yako chini unaweza kuzimia katikati ya uwanja, na mwenye kisukari inamfichia moyo kwenda mbio, ile dalili inayomshtua kwamba sukari imeshuka. Tena kwenye gofu dawa za kundi hili zimepigwa marufuku wakati wa mashindano chini ya sheria za WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni.

Swali: Nusu kidonge je?

Hapana. Nusu ya dawa ya mtu mwingine bado ni dawa ya mtu mwingine.

Swali: Basi bia mbili kabla ya kuanza?

Hapana pia. Pombe inatuliza kidogo, ikiisha mwilini wasiwasi unarudi na nguvu zaidi, usingizi unaharibika, kesho unahitaji tatu. Mmarekani Chris Kirk, mchezaji wa kulipwa kabisa, mwaka 2019 alisimama kucheza ili atibiwe ulevi na sonona, na 2023 akarudi kushinda mashindano ya Honda Classic. Alisema wazi kwamba anaumwa, akatibiwa.

Swali: Yipsi ni nini?

Mkono kuruka wenyewe pale unapotaka kusukuma mpira taratibu. Mjerumani Bernhard Langer, mchezaji wa kulipwa, iliwahi kumsumbua zaidi ya mara moja, akabadilisha namna ya kushika fimbo, na Masters, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu, alishinda 1985 na 1993. Kwa wengine ni wasiwasi, kwa wengine ni mishipa ya fahamu, kwa hiyo usijitangazie mwenyewe, kapimwe.

Swali: Si nijikaze tu? Ni mchezo.

Kujikaza ndiko kunawaleta mmechelewa! Kama wiki mbili sasa hulali vizuri, huna hamu ya kitu, unatapika kila asubuhi ya mashindano au bila pombe hushiki fimbo, nenda kituo cha afya wiki hii, usisubiri msimu uishe. Ukiwaza kujiua, nenda leo na mwambie mtu aliye karibu akusindikize. Na maumivu ya kifua usiyaite woga mpaka daktari akucheki.

Swali: Uwanjani nifanye nini?

Toa pumzi ndefu kuliko uliyovuta, mara tatu nne. Fanya hatua zilezile kabla ya kila pigo, na zifanye hivyohivyo mazoezini, sio uzitafute siku ya kombe. Likiharibika pigo, limeshaenda. Ikigoma, mshauri nasaha au mwanasaikolojia wa michezo anasaidia sana.

Swali: Nimeshameza vidonge mwezi mzima, naogopa kugombezwa.

Njoo tu. Usiviache ghafla peke yako, moyo unaweza kuleta shida, daktari atakupunguzia kidogo kidogo. Njoo na pakiti yenyewe, na useme ukweli kuhusu pombe, hata kama ni nyingi.